Mtumbwi Ulionyimwa Kamba

Valeriani alijua. Hilo liwekwe wazi kabla ya mengine yote, kwa sababu baadaye walitokea watu, wengine wao wa kwenda kanisani kila Jumapili, waliosema kwamba yaliyotokea mtoni yalikuwa bahati mbaya tu. Radi ni bahati mbaya. Mtu anayechukua tezo na kuharibu kitu alichosaidia kukichonga kwa mikono yake, huku akijua kinashika nini, hana haki ya kuisingizia bahati.

Lakini habari hii si yake. Ni ya Yosefina, mjane wa Fridolin, aliyekuwa kaka yake Valeriani.

Yosefina alizaliwa Mchombe. Baba yake alikuwa mchonga mitumbwi, na alipomwoza huku upande wa Ifakara alimpa binti yake mtumbwi wa mvule. Hakumpa mkwe. Alimpa binti, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, akasema mbuzi hufa na nguo huchakaa, lakini mvule hauozi upesi. Watu walikula, walikunywa, walishuhudia. Nasema hivyo kwa sababu miaka kumi baadaye mashahidi hao hao walipatwa na usahaulifu wa ajabu.

Fridolin alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyeweza kuona kitu bila kukifikiria upya. Yeye na mdogo wake Valeriani walirithi mtumbwi mmoja kwa baba yao. Walivua, na wakati wa kilimo walivusha watu waliokuwa na mashamba ya mpunga ng'ambo na ambao hawakutaka kuzunguka mpaka kivuko cha serikali. Lakini mtumbwi mmoja hauchukui mzigo wa maana. Ukipakia gunia mbili na mtu mmoja akapiga chafya, wote mnamkumbuka Mungu. Ndipo mwaka wa 1953 Fridolin alipowaza kuunganisha mtumbwi wa baba yake na mtumbwi wa mke wake, iwe chombo kimoja cha kudumu.

Aliweka boriti mbili za kukingama, moja mbele na moja nyuma, zikalala katika mapengo aliyoyachonga kwenye kingo za mitumbwi yote miwili, akazikaza kwa kamba za katani. Juu yake akatandika ulalo wa mianzi. Watu wanane walikaa hapo na magunia yao na mbuzi wao, na chombo hakikuyumba. Watu walikuja kukitazama kutoka Lipangalala.

Kilichobaki kilikuwa swali la kukifunga, na hapo ndipo ugomvi ulipokuwa umelala unasubiri.

Katika ukoo ule kulikuwa na desturi ya bandarini. Mitumbwi miwili ikifungwa pamoja, mmoja tu ndio unaoshika kamba ya kigingi. Huo huitwa mwenyeji. Mwingine unauegemea, nao ni mgeni. Mwenye mtumbwi mwenyeji ndiye anayegawa samaki, ndiye anayepokea nauli, ndiye anayesema leo tunavuka au hatuvuki. Kwa mitumbwi inayofungwa kwa saa moja na kufunguliwa, desturi hiyo haikumdhuru mtu. Kila desturi ina mahali ilipozaliwa, na ikihamishwa pasipo akili huwa kama mtoto aliyepewa panga.

Siku ya kwanza walikifunga chombo kwa desturi. Kamba ilitiwa kwenye pua ya mtumbwi wa baba yao, basi. Mto ulikuwa wa kiasi tu. Hata hivyo chombo kiligeuka kama mlango kwenye bawaba, kikakaa mshazari, na mkondo ukaupiga mtumbwi wa Yosefina ubavuni mpaka maji yakaingia juu ya ukingo. Aliyekuwa amesimama ndani yake, amelowa mpaka kiunoni na anacheka, alikuwa Valeriani. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Kaka, chombo hiki kina miguu miwili. Ukikishika mguu mmoja kitacheza ngoma."

Basi wakachonga shingo mbili za kushikia kamba kwenye boriti ya mbele, moja juu ya kila mtumbwi. Fridolin alichonga moja, Valeriani akachonga nyingine. Kila shingo ilivikwa kamba yake, kamba mbili zikakutana mbele kwenye pete ya chuma, na kutoka kwenye pete ikaenda kamba moja nene mpaka kwenye kigingi, au mpaka kwenye nanga kama wako katikati ya mto. Nanga yenyewe ilikuwa kipande cha ekseli ya lori. Kwa namna hiyo chombo kililitazama maji usoni, na mitumbwi yote miwili ikavuta sawa. Watani bandarini walisema Fridolin anafunga chombo kama mtu anayechunga mbuzi wawili kwa kamba moja. Aliwajibu kwamba mbuzi wake angalau hawalowi.

Kwa hiyo, mtu asiniambie Valeriani hakujua.

Fridolin alikufa mwaka wa 1956, mwezi wa Septemba, kwa homa ya mapafu. Hawakujaliwa mtoto. Matanga yalipokwisha, Valeriani, mwenye mke wake ndani, alituma neno kwamba yuko tayari kumrithi shemeji yake kama mila inavyotaka. Yosefina alijibu kwa adabu kwamba yeye ni mke wa ndoa ya kanisani, mume wake amekufa, na hakuna kanisa litakalomfanya mke wa pili wa mtu. Alisema pia kwamba angependa kuendelea na kazi ya chombo kama alivyokuwa akiifanya, kwa sababu nusu ya chombo kile ni mtumbwi wake na riziki yake iko hapo.

Jibu lilikuwa safi. Nalo ndilo lililomtia Valeriani wazimu.

Asubuhi moja Yosefina alifika bandarini akakuta shingo iliyo juu ya mtumbwi wake imechongwa ikawa laini kama mpini wa jembe. Kamba haikuweza kukaa pale tena. Pete ilikuwa imeondolewa. Kwenye pua ya mtumbwi wa baba yao kulikuwa na tundu jipya, na kamba nene imepita humo peke yake. Valeriani alikuwa anafuta tezo lake kwa nyasi.

Kulikuwa na watu. Teofili, jirani yao, aliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko mtumbwi, akamwuliza Yosefina, "Leo umekuja na chombo, au umekuja kama abiria?"

"Nimekuja na mtumbwi wangu," Yosefina akamjibu. "Wewe umekuja na nini, zaidi ya meno?"

Wakacheka, lakini hakuna aliyemwambia Valeriani rudisha shingo.

Shauri lilipelekwa kwa Mzee Barnaba, baba mkubwa wa Fridolin na Valeriani, mkuu wa ukoo, mzee wa kanisa. Yosefina alipiga magoti, akaamkia, akaeleza. Hakulia. Alisema mambo mawili tu: ama shingo irudishwe, ama boriti zifunguliwe na yeye apewe mtumbwi wake aende. Mzee Barnaba alivuta ugoro akafikiri, kisha akatoa hukumu ambayo hata leo siwezi kuikumbuka nikatulia. Alisema chombo ni kazi ya marehemu na hakitavunjwa kabla mwaka wa msiba haujaisha. Na kwa kuwa hakivunjwi, lazima kiwe na mwenyeji, na mwenyeji hawezi kuwa mtumbwi wa mwanamke aliyetoka Mchombe. Akamalizia kwa sauti ya upole, kama anayempa zawadi, "Mwanangu, ukiingia nyumbani kwa Valeriani, mitumbwi itakuwa ya nyumba moja, na kamba zitarudi mbili."

Hebu pima hukumu hiyo. Mzee yule naye alikijua chombo. Alikuwa amevuka nacho mara nyingi, kavu, bila hofu. Alijua kwamba kukifunga kwa upande mmoja ni hatari. Aliichukua hatari hiyo akaifanya fimbo ya kumchunga mjane mpaka kitandani kwa mtu asiyemtaka. Wazee wote waliokuwepo wakaitikia, na Teofili akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Yosefina aliendelea kufanya kazi. Angefanya nini? Kila siku alisimama nyuma, ndani ya mtumbwi wake, na upondo mkononi, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, na Valeriani mbele. Nauli ilipokelewa na Valeriani, akamgawia kadiri alivyojisikia. Kiangazi mto ulikuwa mdogo, na chombo kilipofungwa kiligeuka kidogo tu, kikasugua kamba za boriti kidogo tu. Yosefina alizikagua kamba hizo kila jioni. Alipoonyesha mahali zilipoanza kuchanika, aliambiwa wanawake huona ufa hata kwenye maji.

Mvua za mwaka wa 1957 zilikuja na nguvu. Kufika Machi mto ulikuwa umevuka kingo zake na matete yamebaki vichwa tu. Siku ya Alhamisi chombo kiliondoka na watu wanne. Valeriani alikuwa mbele, Yosefina nyuma. Katikati ya ulalo alikaa Mzee Barnaba juu ya kigoda chake, anakwenda ng'ambo kuamua kesi ya watu. Abiria mwingine alikuwa Seifu, mfanyabiashara wa Ifakara, na baiskeli yake na magunia ya chumvi.

Walipofika katikati, viboko walikuwa wamejaa kwenye njia. Valeriani akafanya kama inavyofanywa: akatupa nanga ili wasubiri wanyama wapite. Nanga ikashika chini. Kamba ikakaza kwenye tundu la pua ya mtumbwi wake, na chombo kizima kikaanza kugeuka.

Kiligeuka kama siku ya kwanza, ila safari hii mto haukuwa wa kucheza nao. Pua ya mtumbwi wa Valeriani ilivutwa chini. Mtumbwi wa Yosefina ulisukumwa nyuma na nje, ubavu wake wote ukapokea mkondo, na maji yakaanza kuruka ukingo.

"Shemeji, ihamishe kamba kwenye boriti," Yosefina akasema. "Ifunge katikati, hata kwa kamba ya mizigo."

"Kamba iko mahali pake."

"Maji yanaingia kwangu."

"Basi chota."

Hayo ndiyo aliyosema. Seifu aliyasikia, na ameyarudia mbele ya kila aliyemwuliza. Neno moja, *chota*, kwa mtu ambaye alikuwa akizama mbele ya macho yake kwa kazi ya tezo lake.

Yosefina akamgeukia Mzee Barnaba. "Baba, mwambie." Mzee akatazama viboko. Seifu ndiye aliyesema, "Jamani, mimi sina ukoo humu. Fungeni popote, mradi tufike."

Hakuna aliyefunga popote. Kamba za boriti ya nyuma, zile zilizokuwa zikisuguliwa tangu Oktoba, zikakatika. Mitumbwi ikaachana nyuma, mianzi ikapanuka, na Mzee Barnaba akatumbukia katikati na kigoda chake. Aliwahi kushika mwanzi mmoja, na Seifu akamdaka kola ya koti. Baiskeli ikaenda. Chumvi ikaenda.

Yosefina alitoka ndani ya mtumbwi wake, akapita juu ya mianzi iliyokuwa ikicheza, na kisu cha kupasulia samaki mkononi. Valeriani akaelewa anataka nini. Akaweka upondo mbele yake kumzuia. Nataka msomaji alione hilo: mzee wa watu yuko majini ananing'inia kwa koti, viboko wako hatua chache, na mwanamume mzima anazuia kamba isikatwe, kwa kuwa kamba ile ilikuwa cheo chake. Yosefina akaupiga upondo kwa mkono, akainama, akaikata kamba.

Chombo kikatulia mara moja. Kikanyooka, kikaenda na maji, kikapita pembeni mwa viboko, kikajikita ndani ya matete upande uleule waliotoka. Walimvuta Mzee Barnaba wakamlaza juu ya mianzi. Alikuwa hai. Aliposhika nchi kavu, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nanga iko wapi.

Jumapili, baada ya misa, wazee walikaa. Ungedhani wamekaa kumshukuru mwanamke. Ungedhani, walau, wamekaa kumwuliza Valeriani kuhusu shingo ya boriti. Walikaa kumhukumu Yosefina.

Shtaka lilikuwa hili. Katika ukoo ule, mtu akigombana na ndugu zake akaamua kuhama, huenda bandarini akakata kamba yake mbele ya mkuu wa ukoo. Huo ndio mwisho wa udugu. Yosefina, walisema, amekata kamba ya chombo cha ukoo mbele ya mkuu wa ukoo, na nanga ya ukoo imepotea. Valeriani alisimama akaeleza kwa huzuni jinsi alivyojaribu kumzuia. Teofili akasema hata wenye mapepo hukata kamba namna ile. Kisha Mzee Barnaba, huku bado anakohoa maji ya mto ule, akatoa masharti: mjane amejitenga, na ili arudishwe katika ukoo, aingie nyumbani kwa Valeriani kabla ya Pasaka.

Mtu aliyeokolewa kwa kisu alikuwa anakitumia kisu kilekile kumfunga aliyemwokoa. Nimesoma kidogo na nimeishi zaidi, na bado sijapata jina la dhambi hiyo. Ukosefu wa shukrani ni neno dogo mno.

Yosefina alikuwa amekaa chini, ameinamisha kichwa. Akauliza, "Baba, na aliyekata kamba asipotaka kurudishwa?"

Mzee Barnaba akajibu kwamba mtu huyo hana watu. Hatarithiwa, hatazikwa nao, hana lake bandarini isipokuwa alilokuja nalo.

"Nilikuja na mtumbwi," Yosefina akasema.

Valeriani ndiye aliyeona kwanza kwamba hukumu yenyewe imemrudishia mtumbwi wake. Akaanza kusema kwamba mama huyu hakuelewa, kwamba baba mkubwa alikuwa anamwonya tu. Lakini Yosefina alikwisha simama.

"Nimeelewa. Mmesema nimekata, basi nimekatika. Kwaherini."

Akashuka bandarini mchana kweupe, akaanza kufungua kamba za boriti ya mbele. Watu wote walifuata kutazama. Kamba za Fridolin zilikuwa zimekazwa na mtu aliyekusudia zisifunguke, na zilikuwa zimelowa. Alifungua kwa vidole na kwa meno. Watu wazima, wenye misuli, wenye rozari shingoni, walikaa kwenye nyasi wakamwangalia mjane akifungua kamba kwa meno. Mke wa Valeriani peke yake ndiye aliyemletea maji ya kunywa, na mumewe akamwita arudi, naye akajifanya hasikii mpaka Yosefina alipomaliza kunywa.

Valeriani alipanda juu ya ulalo akakaa, ili uzito wake uzuie boriti isiinuke. Yosefina hakubishana naye. Aliendelea upande wake. Fundo la mwisho lilipoachia, mtumbwi wa mvule ukateleza kutoka chini ya boriti, na upande mzima wa ulalo ukaanguka majini na mwenye kukaa juu yake. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Yosefina akapiga kasia.

Alikwenda kukaa kwa mama mmoja, Tekla, mchuuzi wa samaki Lipangalala. Alivua, akakausha, akauza. Hakuolewa tena, hakurudi Mchombe, hakuomba kitu kwa mtu. Seifu alisema mbele ya duka lake, kwa yeyote aliyetaka kusikia, kwamba mwanamke yule angemdai uhai angempa, lakini amemdai chumvi tu ya kukaushia samaki, na hata hiyo hulipa.

Sasa nieleze la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Bandarini walibaki na mtumbwi mmoja, boriti mbili na mianzi. Mafuriko yalikuwa bado hayajaisha, na watu walitaka kuvuka. Valeriani akatafuta mtumbwi wa pili wa kuunganisha. Akaenda kwanza kwa Teofili, aliyeitikia hukumu kwa sauti kuliko wote. Akamwambia desturi ni ileile: mtumbwi wako utakuwa mgeni, kamba itashikwa na wangu. Teofili akasema mtumbwi wake una ufa. Siku ya pili alionekana anavua nao. Akaenda kwa mwingine aliyekuwa kwenye kikao. Huyo akasema mtumbwi si wake peke yake, ni wa mkewe pia, na mkewe hataki. Mkewe! Watu walioona ni haki kabisa mtumbwi wa mjane ukae upande usio na kamba, kila mmoja alipoambiwa aweke wake pale pale, aligundua ghafla ubavu wa mtumbwi ni kitu cha kuogopewa.

Mwishoni Valeriani alikwenda kwa Mzee Barnaba mwenyewe. Mzee alikuwa na mtumbwi mzuri, wa mninga, umelala kifudifudi nyuma ya nyumba.

"Baba mkubwa, nipe huo. Ni wa ukoo, na wewe ndiwe mwenye hukumu."

Mzee Barnaba alivuta ugoro.

"Nao utaufungia wapi?" akauliza.

Valeriani akasema utaegemea wake, kama desturi ilivyo. Mzee akamwambia aende, aje siku nyingine, leo kifua kinamsumbua.